Kalamu Juu ya Kioo: Nani Rungwe Mpya Anaihitaji?

Usiku wa kuamkia Agosti 23, 2022 ulikuwa usiku wa kuhesabiwa. Siku zilizofuata makarani wa sensa walipita kaya kwa kaya nchi nzima, mikononi wakiwa na vishikwambi badala ya yale madodoso ya karatasi ya miaka yote. Kata ya Rungwe Mpya, wilayani Kasulu, nayo ikafikiwa. (Naizungumzia Rungwe Mpya ya Kigoma, si Rungwe ya Mbeya yenye Tukuyu na mlima wake.) Matokeo yalipotangazwa tulikuwa Watanzania 61,741,120, kati yao 2,470,967 wakiwa mkoani Kigoma. Kazi ilipokwisha, vile vishikwambi havikuachwa stoo. Mwishoni mwa mwaka huohuo serikali ilianza kuvigawa kwa walimu wa shule za umma.

Kwa hiyo leo huna haja ya kumweleza mtu wa Rungwe Mpya kioo cha kugusa ni kitu gani. Swali limesogea mbele. Mwalimu mwenye kishikwambi ameshajua kinachowezekana na kisichowezekana. Kusoma kitabu kutoka maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, sawa. Kuchapa mtihani wa kurasa nne kwa kidole, adhabu. Anataka kompyuta. Anashuka Kasulu mjini, au anampigia ndugu yake aliye Dar es Salaam apite Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo, na huko anaambiwa asihangaike na mpakato za kizamani: ipo ya kisasa, kioo chake kinageuka mpaka mgongo ukutane na mgongo, unaishika kama daftari, unaandika kwa kalamu juu ya kioo. Muuzaji anachora ua, anaandika jina la mteja kwa mwandiko wa kulala, mteja anatabasamu. Hapo ndipo hela zinapotoka.

Jibu langu kwa wanaoniuliza kuhusu mashine hizo huwaudhi wauzaji: watu wengi hawazihitaji. Lakini wapo wachache ambao kalamu ingewapunguzia kazi kweli, na kosa kubwa ni kuwachanganya hao na wengine wote.

Turudi kwa karani wa sensa. Ukimkumbuka vizuri, hakuwa akiandika. Alikuwa akigusa. Mwanamume au mwanamke, gusa. Nyumba imeezekwa kwa bati au nyasi, gusa. Maji mnachota wapi, gusa. Kuandika kwenyewe kulikuwa majina na tarakimu chache, na kwa hizo herufi za kwenye kioo zilitosha. Ndivyo ilivyo pia kwa watumishi wa mashirika wanaoingia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na dodoso zao: majibu yameshapangwa, kazi ni kuchagua. Kishikwambi kiliifaa sensa kwa sababu waliotayarisha maswali walikuwa wameshaondoa uandishi. Mtu akikwambia, "Mbona sensa ilifanyika kidijitali, na wewe nunua yenye kalamu," anakupa ushahidi wa kesi nyingine.

Ahadi ya kalamu yenyewe ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1989 kampuni ya GRiD Systems ya Marekani ilitoa GRiDPad, kompyuta ya kushika mkononi na kuandikia kwa kalamu. Mwaka 1993 Apple ikaleta Newton, iliyochekwa sana kwa namna ilivyosoma vibaya miandiko ya watu. Novemba 2001, kwenye maonyesho ya Comdex huko Las Vegas, Bill Gates alitabiri kwamba ndani ya miaka mitano kompyuta za kishikwambi zenye kalamu zingekuwa ndizo zinazouzwa kuliko nyingine zote Marekani. Mwaka uliofuata, Novemba 2002, Microsoft ikazizindua rasmi, na akina HP, Toshiba na Acer wakatoa za kwao. Miaka mitano ikapita, utabiri ukabaki utabiri. Kilichokuja kununuliwa kwa mamilioni ni iPad ya 2010, ambayo haikuwa na kalamu. Steve Jobs wa Apple alikuwa ameshaikejeli kalamu hadharani alipoionyesha iPhone ya kwanza mwaka 2007. Mwaka 2015, yeye akiwa ameshafariki, kampuni yake ikaanza kuuza kalamu kwa dola 99. Ni zaidi ya laki mbili za Kitanzania kwa kalamu peke yake, kifaa chenyewe bado hujakigusa.

Kwa nini kompyuta zile za 2002 hazikushika? Zilikuwa nzito, ghali, na betri haikumaliza siku. Lakini hata zingekuwa nyepesi, watu wengi wa maofisini huchapa barua na kujaza majedwali, na kwa hayo hakuna kalamu inayoishinda kibodi. Waliobaki nazo ni wale wanaofanya kazi wamesimama, kama madaktari wa wodini na wapima ardhi, na wale ambao kazi yao haichapiki, kama wachoraji. Makundi hayo mawili yananitosha kuwa kipimo. Unafanya kazi umesimama? Unaandika vitu ambavyo kibodi haina herufi zake? Kama jibu ni hapana kwa yote mawili, weka hela ya kalamu kwenye betri.

Mchukue mtendaji wa kijiji. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe walau kila miezi mitatu, na kila mkutano una muhtasari. Mtendaji huandika haraka wakati wajumbe wanabishana, na kwa dakika moja unaweza kudhani kalamu ya kioo imeumbwa kwa ajili yake. Fuatilia karatasi lakini. Muhtasari lazima usomeke na watu wengine, usainiwe, upigwe muhuri, nakala ipelekwe kwa mtendaji wa kata. Mwandiko uliobaki ndani ya kompyuta haujapigwa muhuri na hautapigwa. Itabidi auchape, kisha aupeleke stesheneri ukatolewe. Anachohitaji ni kibodi nzuri na flashi isiyo na virusi. Rasimu aiandike kwenye kaunta buku kama kawaida.

Katibu wa kikoba ni mfano mzito zaidi, na hapa nitasema wazi kuwa mashine yoyote, yenye kalamu au isiyo nayo, inaweza kuharibu kitu kizuri. Kasha la kikundi lina makufuli matatu na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti. Hisa hugongwa mihuri kwenye kitabu cha mwanachama mbele ya macho ya wote. Mama asiyejua kusoma vizuri anahesabu mihuri yake kwa kidole. Ukihamishia hesabu hiyo ndani ya kompyuta ya mtu mmoja, umempa mtu huyo ufunguo wa nne ambao hakuna aliyempigia kura. Kopi ya hesabu kwenye jedwali la kompyuta ni nzuri kwa kumbukumbu. Kitabu chenyewe kisiondoke kwenye kasha.

Afisa ugani? Huyu yuko karibu na mstari. Anatembea mashambani, anasimama kwenye mihogo yenye michirizi ya kahawia, anataka kuonyesha ugonjwa uko upande gani wa shamba. Mchoro mdogo wa shamba ungemsaidia. Tatizo ni jua. Vioo vya mpakato nyingi za bei nafuu havina mwanga wa kutosha kushindana na jua la saa sita mchana, na akiinamisha kioo kutafuta kivuli anajiona uso wake mwenyewe. Uzito nao upo: hizi mashine ndogo za inchi 11 zinazogeuka hukaribia kilo moja na nusu. Shika kilo moja na nusu ya sukari kwa mkono wa kushoto huku ukiandika kwa mkono wa kulia mpaka umalize mashamba matatu, kisha uniambie. Kishikwambi cha nusu kilo na picha iliyopigwa palepale vinamfaa zaidi, na mchoro ataupiga kwenye daftari na kuupiga picha.

Daftari na simu ndiye mshindani ambaye wauzaji hawamtaji. Mwalimu akiandika maswali kwa mkono, akayapiga picha na kuyatuma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi au la walimu wenzake, ameshafanya sehemu kubwa ya kile kalamu ya kioo inachoahidi. Zipo programu za simu zinazonyoosha kurasa zilizopigwa upande, zikaondoa kivuli cha mkono na kuzifunga kuwa faili moja safi. Karatasi haiishiwi chaji na inasomeka juani. Ukitaka kujua kama unaihitaji kalamu, kwanza jiulize ni lini daftari na simu vilikukwamisha. Kama huna mfano hata mmoja wa karibuni, swali limeshajibiwa.

Sasa nije kwa mtu ninayemwona akiihitaji kweli: mwalimu wa hisabati wa sekondari, pamoja na jirani zake wa fizikia na kemia.

Mwangalie anapotunga mtihani. Swali la kwanza lina sehemu juu ya sehemu, ndani yake kuna kipeo cha pili. La pili lina pembetatu ndani ya duara, nukta zimepewa herufi, pembe moja imepigwa alama. La tatu ni grafu. Kwenye Word kila kimoja kina menyu yake. Sehemu inaingia, kipeo kinaruka nje ya sehemu, duara linasogeza maneno yote ukurasa wa pili, na anapofanikiwa kuliweka duara mahali pake pembetatu inakataa kulifuata. Matokeo yake yanajulikana kwa kila aliyesoma shule zetu: mtihani uliochapwa wenye nafasi tupu, na mwalimu anachora michoro kwa mkono kwenye karatasi mama kabla ya kudurufu. Au mwanafunzi anasoma "2x2" bila kujua kama ni mbili eksi mara mbili au mbili eksi kipeo cha pili.

Kwa kalamu juu ya kioo, mwalimu huyo anachora duara kwa mkono, programu inalinyoosha likawa duara la kweli. Anaandika mlinganyo kama anavyouandika ubaoni, na programu kama OneNote au kile kisanduku cha milinganyo ndani ya Word kinaubadilisha kuwa maandishi ya chapa. Akitaka kurekodi maelezo kwa wanafunzi waliokosa kipindi, anarekodi kioo na sauti yake huku akiandika hatua kwa hatua. Mtoto anaona mkono unavyofikiri: hapa tumehamisha upande, hapa alama imebadilika. Kitabu kilichochapwa hakimwonyeshi hayo. Mwalimu wa baiolojia anayechora moyo, au wa jiografia anayechora mistari ya kontua ya vilima hivihivi vya Buha, nchi ya Waha, anavyoviona dirishani, yuko kwenye foleni hiyohiyo.

Kusahihisha, ambako wauzaji wa ughaibuni hukutangaza sana, kuacheni. Huko mwanafunzi hutuma kazi kwa faili na mwalimu huandika juu yake kwa wino mwekundu wa kidijitali. Rungwe Mpya kazi zinakuja kwa madaftari yaliyofungwa kamba, darasa zima kwa mafungu, na kalamu nyekundu ya dukani ndiyo ya kisasa kuliko zote kwa kazi hiyo. Shajara la somo na azimio la kazi nazo ni majedwali. Chapa.

Mwanafunzi wa chuo aliyetoka kata hii, awe Chuo cha Ualimu Kasulu au chuo kikuu cha mbali, naye ana hoja. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Marekani, Pam Mueller na Daniel Oppenheimer, walichapisha utafiti uliovuma sana: wanafunzi walioandika muhtasari wa mhadhara kwa mkono walijibu vizuri zaidi maswali ya kuelewa kuliko waliochapa, kwa sababu mchapaji hunakili neno kwa neno bila kuchuja. Wauzaji wa kalamu za kioo waliupokea utafiti huo kwa mikono miwili. Mwaka 2019 watafiti wengine waliurudia, na tofauti haikuonekana wazi kama mara ya kwanza. Na hata ukiuamini utafiti wa kwanza wote, uliosifiwa pale ni mkono unaoandika. Kalamu ya mia chache na daftari vinatimiza masharti yake yote.

Kuna wanaovutiwa na kile kinachoitwa utambuzi wa mwandiko: unaandika kwa mkono, mashine inageuza kuwa chapa. Kwa Kiswahili jambo hili lipo. Windows ina kifurushi cha kusoma mwandiko wa Kiswahili, kimeorodheshwa kuwa cha Kenya, nacho kinamfaa Mtanzania bila ugomvi. Kipo hata cha Kinyarwanda. Kirundi hakimo, wala Kiha, ingawa Muha na Mrundi wakikutana sokoni hawahitaji mkalimani na Kinyarwanda ni binamu wa karibu wa wote wawili. Anayekusanya hadithi za bibi yake kwa Kiha ataruhusiwa kuziandika kwa kalamu, lakini ziingie kama picha ya mwandiko tu. Akitaka zitafutike na kuhaririwa, achape. Wenye mwandiko wa daktari wasitegemee miujiza katika lugha yoyote.

Tuseme umejipima na umejikuta kwenye kundi la wanaoihitaji. Ndipo maudhi ya kweli yanapoanza, kwa maana "kalamu" dukani ni jina la vitu vitatu visivyoelewana.

Cha kwanza ni kile kijiti chenye ncha ya mpira kinachouzwa pamoja na makava ya simu. Hicho ni kidole cha kuazima. Ncha yake ni nene, hakijui umekandamiza kwa nguvu au taratibu, na ukiegemeza kiganja chako juu ya kioo wakati wa kuandika, kiganja nacho kinaandika. Kwa kuchora pembetatu hakifai.

Cha pili ni kalamu isiyo na betri kabisa, teknolojia iliyosambazwa sana na kampuni ya Wacom ya Japani, iliyoanzishwa 1983. Chini ya kioo kuna wavu wa nyaya unaotoa uga wa sumaku, na ndani ya kalamu kuna koili inayoitikia uga huo. Nguvu ya kalamu inatoka kwenye kompyuta yenyewe. Ndiyo iliyokuwa kwenye ThinkPad X220 Tablet ya 2011 na X230 Tablet ya 2012, na ndiyo iliyo kwenye simu za Samsung Galaxy Note za miaka ya mwanzo. Kwa mtu wa vijijini hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu haina cha kuisha isipokuwa ncha.

Cha tatu ni kalamu yenye betri, inayozungumza na kioo kwa ishara za umeme. Ndizo zilizojaa kwenye mashine za miaka kumi iliyopita. Nyingi huandika vizuri sana. Shida ni kwamba Lenovo, Dell na Microsoft kwa miaka mingi walizitengeneza zitumie betri ya A nne. Siyo ile ya tochi, wala ile ya A tatu ya rimoti, bali nyembamba kuliko zote. Ingia duka lolote la Rungwe Mpya uulize betri ya A nne. Muuzaji atakuonyesha betri nne za A. Za siku hizi nyingi huchajiwa, afadhali. Pia kalamu ya mashine moja huenda isitambuliwe na nyingine, kwa kuwa watengenezaji hawakukubaliana lugha moja. Kalamu ya Surface haiwezi kuandika kwenye iPad, na Lenovo mbili zinazofanana sura zinaweza kutaka kalamu tofauti.

Sehemu kubwa ya mashine hizi zinazofika kwetu ni mitumba kutoka shule na ofisi za ng'ambo: HP x360 za inchi 11, Lenovo Yoga 11e, Dell Latitude ndogo zinazogeuka. Zilitengenezwa kwa ajili ya watoto, kwa hiyo zina kingo za mpira na zinavumilia kuanguka, jambo jema. Lakini kalamu zilikuwa za hiari au zimeshapotea madarasani huko, na kuna matoleo ambayo kioo chake kinakubali kidole tu ingawa jina la mashine ni lilelile. Kipimo cha dukani ni rahisi. Ishike kalamu juu ya kioo bila kukigusa, kama unene wa kitabu hivi. Kinukta kikionekana na kufuata mkono wako, hiyo ni kalamu ya kweli. Kisha egemeza kiganja chote, andika jina lako, chora mstari wa mshazari polepole kutoka kona hadi kona. Mstari ukitetemeka kama kijito, au ukikatika mahali palepale kila mara, kioo kina ugonjwa. Muuzaji akisema kalamu utaipata baadaye, mwambie na hela ataipata baadaye.

Jambo la pili la mitumba ni umri wa ndani. Microsoft ilisitisha kuihudumia Windows 10 kwa masasisho ya bure ya kawaida Oktoba 14, 2025. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel za familia ya Core, hiyo ni kuanzia kizazi cha nane, kilichotoka 2017. Mashine nyingi za shule zenye Celeron za kabla ya hapo hazimo. Zitaendelea kuwaka na kuchapa, lakini hazipati tena viraka vya kawaida vya ulinzi, na flashi za stesheneri hazina huruma. Anayejua Linux au mwenye kijana wa kumsaidia anaweza kuihuisha mashine hiyo, na kalamu nyingi za Wacom hufanya kazi huko vizuri. RAM ya GB 4 itatosha kuchora mtihani. Haitatosha kuchora mtihani huku umefungua kurasa ishirini za intaneti.

Halafu umeme. Kwa miaka mingi Kasulu na Kibondo ziliwashwa na majenereta ya dizeli, na gridi ya taifa imefika miaka ya karibuni tu. Nguzo kupita barabarani si sawa na waya kufika nyumbani kwako, na kaya nyingi za vitongojini bado zinaishi kwa paneli. Paneli ya wati 50, ikipata jua zuri kwa saa tano, kwenye makaratasi inatoa wati-saa 250. Ondoa vumbi, waya mwembamba, betri iliyochoka na taa za usiku, kinachobaki ni pungufu sana. Kishikwambi kinakunywa wati-saa 25 hadi 30 kujaa, tena kwa chaja ya simu. Mpakato inataka 40 au 50, na kwa zile za zamani inataka chaja yake ya volti 19, maana yake inveta, nayo inveta inakula njiani. Kwa asiye na umeme wa Tanesco, ningetafuta ile inayochajiwa kwa waya wa USB-C hata kama ni ghali kidogo, maana inaweza kulishwa na pawabenki kubwa au chaja ya gari. Kuanzia Oktoba mpaka Mei ni mvua na mawingu. Juni mpaka Septemba jua ni la kutosha, ila vumbi jekundu linaingia kwenye kila tundu, na punje moja ya mchanga kati ya ncha na kioo inaacha mchirizi usiofutika. Kitambaa laini na kibegi cha zipu si mapambo.

Na fundi. Mwaka 2013 iFixit, mafundi wa Marekani wanaofungua vifaa na kuvipa alama za urahisi wa kutengenezeka, waliipa Surface Pro ya kwanza alama 1 kati ya 10. Kioo na betri vimegandishwa kwa gundi, na kuvifungua ni kamari. Surface ni mashine nzuri, nyembamba, na kalamu yake inapendeza, lakini ikifia Rungwe Mpya itasafirishwa zaidi ya kilomita elfu moja kwenda Dar es Salaam kutafuta mtu atakayethubutu. Ile ThinkPad ya zamani, nene, isiyopendeza machoni, inafunguliwa kwa bisibisi, betri inachomoka kwa mkono, na kalamu ina tundu lake la kulala ndani ya mwili wa mashine. Fundi wa Kasulu mjini ataielewa. Ubaya wake ni uzee: haimo kwenye orodha ya Windows 11 na betri yake asilia itakuwa imeshakufa, kwa hiyo hesabu bei ya betri mpya tangu mwanzo.

Ningekuwa kwenye kamati ya shule ya sekondari ya kata, nisingemshauri kila mwalimu ajinunulie yake kwa mkopo. Ningependekeza shule inunue moja, mtumba mzuri wenye kalamu ya kweli na chaja yake, ikae ofisi ya taaluma, itumiwe kwa zamu na walimu wa hisabati na sayansi wakati wa kutunga mitihani. Wengine wabaki na mpakato za kawaida na vishikwambi vyao. Ncha za akiba zinunuliwe siku hiyohiyo, kwa sababu za mfano huo baada ya mwaka huenda zisipatikane. Na mtunza stoo anapoiingiza kwenye leja ya vifaa, asiandike "kompyuta moja na kalamu yake" kwenye mstari mmoja. Kalamu ipewe mstari wake, namba yake na saini ya aliyeichukua, na ikiwezekana ifungwe kamba kama zile za kaunta ya posta, maana kompyuta haitoki ofisini bila watu kuiona.